Mitamba Kumi na Mmoja Ukumbini

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, afisa mifugo wetu, ambaye kisiwa kizima humwita Mama Majani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Idara imesikitika mno, hasa ilipogundua kwamba hakuna mwingine anayejua ufunguo wa stoo ya dawa unakaa wapi.

Alipoanza kazi alikabidhiwa mpango uliochapwa vizuri: ng'ombe elfu tatu, kila mmoja na ekari zake mbili za malisho. Kwa kuwa kisiwa chote kina ekari elfu nne, pamoja na makaburi, aliuliza kwa adabu ng'ombe wengine watasimama wapi. Akaandikiwa barua ya onyo kwa kukosa moyo wa maendeleo. (Niliichapa mimi. Samahani, mama.)

Hakubishana. Alipanda majani ya tembo kandokando ya barabara, nyuma ya zahanati, hata pembezoni mwa kiwanja cha mpira, akawafundisha watu kufuga ng'ombe mmoja mmoja bandani na kumkatia majani. Wakubwa walicheka sana, mpaka maziwa yalipofika kwenye chai yao.

Mwaka wa kumi na mbili, makao makuu yalituletea mitamba kumi na mmoja wa kisasa pamoja na wapiga picha watatu. Vyeti vya afya tu ndivyo vilivyosahauliwa. Mama Majani aliona kupe masikioni mwao palepale gatini, akakataza katakata wasigawiwe wananchi. Mkurugenzi, ambaye hotuba yake ilikuwa tayari mfukoni, alimwuliza, "Sasa tuwaweke wapi, mama, ofisini?"

"Asante, mkuu," akajibu, akawaswaga hadi ukumbi wa mikutano.

Walikaa wiki sita. Alihamia humo humo, akiwaogesha dawa na kuwapima homa, mumewe akimpitishia chakula dirishani. Vikao vyetu vilifanyika uani, juani, vikawa vifupi ajabu. Mitamba watatu walikufa, naye alilia mbele yetu sote bila kujali cheo cha mtu. Lakini ugonjwa haukuvuka mlango ule, na ng'ombe mia nne wa wananchi wakasalimika. Kwa hiyo mkurugenzi akatunukiwa nishani ya uongozi wenye kuona mbali.

Mama, asante kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na kila asubuhi kikombe cha maziwa ambacho hutalazimika kukiandikia ripoti.