Aliyeifutia Kampuni Jina la "Kesho Usije": Gregory Mayala Makoye, 1970–2025

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani wa Segese, na ninyi wachorongaji mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na mabuti yenu, poleni sana na msiba. Familia imemkabidhi Suzana, mdogo wa marehemu, kuyaandika na kuyasoma maneno haya. Wazee walitaka yawe mafupi na matamu. Ufupi utajaribiwa. Utamu haukuahidiwa, maana marehemu hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na leo hana namna ya kujitetea.

Gregory Mayala Makoye alizaliwa tarehe 17 Mei 1970 katika kitongoji cha Mwabasabi, nje kidogo ya Segese, mtoto wa pili wa mzee Makoye Mayala na mama Bernadina. Baba yake alilima pamba, na kila kiangazi alipotelea Maganzo kuchekecha mchanga akitafuta almasi. Almasi yenyewe hakuiona; alirudi na hadithi tu. Kwa hiyo mtoto alilelewa zaidi na bibi yake, bibi Limi, ambaye alimfundisha kwamba salamu ni salamu na habari ni habari. Mgeni akiulizwa hali huitikia "mhola duhu", yaani salama tu, hata kama ametumwa kuleta taarifa ya kifo. Apewe kiti, apewe maji, mwenyeji anyamaze. Ndipo atasema kilichomtoa kwake. Bibi alisema asiyejua kungoja atabaki na salamu mkononi na habari itampita.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1978 hapa hapa kijijini. Siku moja mwalimu mkuu alimkuta ameinamia dawati, akamuuliza kama hajambo. Mtoto akasimama wima, akajibu, "Sijambo, mwalimu. Jino linaniua." Mwalimu akamuuliza sasa lipi ni lipi, hajambo au anakufa. "Nimeitikia kwanza, mwalimu," akasema, na machozi yanamtoka. Mwalimu mkuu alicheka, kisha akampakia kwenye baiskeli yake akampeleka zahanati. Baadaye marehemu alisoma Sekondari ya Shinyanga, na mwaka 1995 akahitimu stashahada ya utumishi Mzumbe.

Tarehe 25 Julai 1998 alifunga ndoa na Rebeka, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye leo tunamwita Mama Limi kwa jina la mtoto wao. Mama Limi mwenyewe ameruhusu hili lisemwe. Alipomposa, Rebeka alijibu kwamba hana neno. Mwanaume mwingine angekimbia kuwaambia washenga. Gregory alibaki pale pale kwenye benchi, kimya, anatazama viatu vyake. Rebeka alivumilia, alivumilia, mwisho akasema: hana neno, ila hataki kuachishwa kufundisha. Hakuachishwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Limi na Fredy.

Sasa tufike kwenye kazi, na hapa wenye haraka wakae vizuri.

Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa afisa utumishi wa Ibanza Uchorongaji, kampuni iliyokuwa ikichoronga miamba, yaani kuitoboa kwa mashine, kwa niaba ya wenye migodi, kuanzia huku Msalala hadi Geita. Wengi mnakumbuka kampuni ile ilikuwa na jina gani mtaani. Iliitwa Kesho Usije. Mnyapara alisimama getini jioni, watu wanatoka wamechoka hoi, akanyoosha kidole tu: "Wewe, kesho usije." Kosa hutajiwi, sababu huambiwi. Fundi mzuri alipita pale akaenda zake kwingine, na aliyebaki alibaki kwa kukosa pa kwenda. Mwenye kampuni, mzee Donatus, alimwambia Gregory kazi yake ni moja: watu wapende kuja.

Mtu mwingine angechapisha fulana. Yeye alianza na lile geti. Alipiga marufuku mtu yeyote kuachishwa kazi akiwa amesimama. Anayeachishwa aketi, aambiwe sababu, aulizwe la kwake, asindikizwe. Kisha akaingiza jambo lililowafanya wenzake ofisini washike vichwa: kijana akitaka kazi, aje na mzazi. Mzazi aone kitanda atakacholalia mwanawe, aone mashine, aonje chakula cha kantini. Mama mmoja, mama Mageni wa hapa jirani, alionja mchuzi akasema una maji kama wa kunawia mikono. Mpishi alinuna wiki nzima, lakini mchuzi ukawa mzito. Mzee Donatus aliuliza kama wanachoronga miamba au wanaozesha mabinti. Gregory akamjibu kwamba kijana aliyekabidhiwa na mama yake hatoroki kazini.

Na kweli hawakutoroka. Msiba ukitokea kwa mfanyakazi, kampuni ilikuja, tena haikuja na shada la maua na hotuba. Ilikuja na majembe, na mzee Donatus akakaa chini kama sisi. Gregory alipita kambini kila zamu inapotoka, anamuuliza mtu hali, anaambiwa mhola duhu, halafu haondoki. Anasimama. Wageni kutoka Dar walidhani amepatwa na kitu. Baada ya kimya ndipo yanatoka: buti limepasuka, mke amejifungua vibaya, mnyapara ana mdomo mchafu. Kidogo kidogo lile jina likafa. Vijana walipoulizwa wanafanya kazi wapi hawakusema tena Kesho Usije, wala hawakusema Ibanza. Walisema, "Niko kwa Mayala." Yeye lilimfurahisha sana, na hakuficha. Hakujua kwamba jina la kampuni lilikuwa limehamia kwake, na jina likihamia kwako, yatakayofanywa na kampuni utaulizwa wewe.

Mwaka 2021 mzee Donatus alifariki na kampuni ikauzwa. Wenye mali wapya walikuwa na mambo ya kisasa. Walimpiga picha Gregory akicheka, kofia ngumu kichwani, wakaitundika kwenye bango kubwa pale njia panda ya Segese, na maandishi: "Njoo Ibanza, Kazi ni Nyumbani." Siku ya kwanza alikwenda na Mama Limi kuitazama. Alisema sura imekaa vizuri ila meno wamemwongezea.

Wakati huo huo pampu za maji zilikuwa zinakufa moja moja. Mashine ikichoronga mwamba lazima imwagiwe maji muda wote ili vumbi lisipande. Pampu ikifa, watu waliambiwa waendelee kavu kavu, lengo la mwezi lisikwame. Vumbi lile halionekani sana kwa macho, lakini likishaingia kwenye mapafu halitoki.

Mwaka 2022 kampuni ilimleta mtaalamu wa kupima kama wafanyakazi wanaridhika. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu zake zote. Alipita kwa wachorongaji akiuliza kazi ikoje, na kila mmoja akamjibu mhola duhu. Alishukuru, akaenda kwa mwingine. Hakungoja hata kwa mmoja. Zikaandikwa habari njema tupu, na kwa habari hizo Ibanza ikapewa tuzo ya mwajiri bora kwenye sherehe jijini Mwanza. Kabla ya sherehe Gregory alimfuata meneja mkuu akamweleza kwamba alichonacho mtaalamu yule ni salamu, majibu hajayapata bado. Akirudi akaketi na watu wale, atasikia habari ya maji. Meneja alisema litashughulikiwa. Jioni ile Gregory alipandishwa jukwaani kuishika tuzo, kwa kuwa sura yake ndiyo iliyojulikana. Picha ya usiku ule ipo nyumbani. Hacheki.

Pampu zilitengenezwa, zikafa tena, zikatengenezwa. Mwigulu, mtoto wa mama Mageni, yule aliyeonja mchuzi, alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza kuletwa na wazazi wao. Alianza kukohoa, akakonda, akafika mahali hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka kisimani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Alizikwa Novemba 2023. Kampuni ilileta shada la maua. Gregory alikuja na jembe. Baada ya maziko alikwenda kumpa pole mama Mageni, akapiga magoti, akamsalimia shikamoo. Mama aliitikia marahaba. Gregory akangoja, kama kawaida yake, na mama akamwambia:

"Mimi mwanangu nilikukabidhi wewe, Mayala. Kampuni siijui."

Mama Mageni yupo hapa leo, amekaa kule mbele na ndugu zake wafiwa, na ndiye aliyetaka neno lake lisomwe. Alisema marehemu asingependa lifichwe.

Februari 2024 aliacha kazi. Aliomba kitu kimoja tu, picha yake iteremshwe. Meneja alimwambia kwa upole kwamba picha ni mali ya kampuni, na watu wakiona imetoka wataanza kuuliza kulikoni.

"Waulize," Gregory alisema. "Na kama picha ni yenu, sura je?"

Haikuteremshwa. Basi akawa anakwenda njia panda asubuhi, anakaa na waendesha bodaboda chini ya bango lake mwenyewe, na kila kijana aliyeshuka na begi akiulizia geti la Ibanza alimwita. Alimwambia kabla hujasaini chochote uliza kama maji yapo kwenye mashine, na usijibiwe mlangoni, ingia ukaone mwenyewe. Wengine walimcheka. Walitazama juu, wakatazama chini, wakamuuliza kama si yeye yule pale anayewaita.

"Ndiye," alikuwa akisema. "Ndiyo maana nakwambia mimi."

Wapo waliogeuza. Wengi waliingia, maana shamba halina mvua na nyumbani kuna watu wanaosubiri kula. Hilo lilimla rohoni kuliko ugonjwa uliokuja baadaye. Mwanamume aliyetumia miaka mingi kulisafisha jina, alimalizia iliyobaki akijaribu kulichafua, akashindwa. Watu waliendelea kuiamini ile sura, kwa sababu alikuwa ameifanya iaminike.

Kuhusu ugonjwa, alianza kusumbuliwa na tumbo mwishoni mwa mwaka jana. Kila aliyempigia simu aliambiwa mhola duhu, naye akaridhika akakata. Tulijua desturi yake sote, na sote tulikuwa na haraka. Mei mwaka huu alipelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ikagundulika ni saratani, nayo ilikuwa imeshasambaa. Madaktari na wauguzi walihangaika naye kwa moyo wote, na familia inawashukuru.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, asubuhi, Mama Limi alikuwa pembeni ya kitanda. Alimuuliza hali kwa Kisukuma. Akajibu, kwa sauti ndogo, mhola duhu. Mama Limi hakwenda kuita muuguzi wala hakushika simu. Alikaa kimya, akangoja, kama yeye alivyongojewa kwenye benchi miaka ile. Ilichukua muda. Kisha mumewe akauliza:

"Picha yangu bado ipo pale njia panda?"

Mama Limi hajawahi kumdanganya, akasema bado ipo.

"Basi hata mkinipeleka nyumbani sitakuwa nimefika. Nitakuwa bado nipo pale nawaita."

Hakusema tena. Alikata roho kabla ya saa sita mchana.

Jumamosi dereva wa kampuni alikuja msibani na turubai la lile bango, limekunjwa. Alisema mabosi wameona si vizuri marehemu kuendelea kutangaza kazi. Aliloliomba akiwa hai likashindikana, akiwa maiti liliwezekana kwa siku mbili. Mama Limi alilipokea, akasema wabeja, yaani asante, akalitandika uani wanapokaa akina mama, picha ikiwa chini. Mama Mageni alimuuliza mbona ameligeuza. "Amechoka kutazamwa," akajibu. Ndilo mlilokalia, akina mama, tangu juzi. Ndiyo sababu pia picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii ni ile ndogo ya kitambulisho, ambayo hacheki wala haiti mtu.

Marehemu ameacha mjane, Rebeka. Watoto wawili, Limi na Fredy. Mjukuu mmoja, Nelly. Mama mzazi, Bernadina. Na ndugu watatu, akiwemo anayesoma. Familia pia imemwandika mama Mageni hapa, kwa kuwa marehemu alijihesabu mwanawe tangu ile Novemba, na mama hajamkana.

Wachorongaji, leo mkiulizwa na yeyote kazi ikoje, itikieni kwanza kama tulivyolelewa. Ila msiishie hapo.

Na wewe Baba Limi, njia panda hakuna mtu tena. Umefika nyumbani. Lala kwa amani.