Historia ya Eliaichi, Aliyekatazwa Kubeba Mawe

Mchungaji, wafiwa, majirani na ninyi nyote mliopanda mlima tangu alfajiri, anayewasomea ni Victoria, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na mfahamu kwamba ukoo wa mume wa marehemu ulimpa karatasi nyingine, safi, iliyochapwa mjini Same, inayosema marehemu aliugua kwa muda mfupi, na karatasi hiyo ameiacha kwenye kiti.

Eliaichi alizaliwa Mbaga tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fanueli na Mama Anaeli, akaanza shule mwaka 1987 na kumaliza darasa la saba mwaka 1993, akiwa hodari wa hesabu na mbishi kupita kiasi, tabia ambayo viboko vya walimu havikuiondoa, ndoa ikaja kuiondoa. Tangu mwaka 1994 alilima tangawizi, akishusha magunia kichwani hadi barabara ya magari, na kanisani aliimba sauti ya kwanza.

Alifunga ndoa na Anderson, huyu aliyeketi hapa mbele, tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Asheri, wa pili Faraja, na wa mwisho Tumainieli, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2012 akiwa na kilo nne na nusu, na siku ya kumi na mbili baada ya uzazi huo mama yake alikuwa shambani na jembe mkononi. Tangu hapo kizazi kilianza kushuka, mkojo ukawa unamtoka akikohoa, akicheka, akipandisha sauti, hata mwaka 2016 akaacha kwaya mwenyewe kabla hajaambiwa, na baadhi ya akina mama wanaolia hapa leo kwa zamu walikuwa wakihama benchi alilokalia. Alichokitaka ni kimoja tu, kukaa katikati ya watu bila kwanza kunusa nguo yake.

Tarehe 2 Juni 2025 alifika hospitali huko Same, daktari akampangia upasuaji, lakini kwanza akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, Bi Nasrin, aliyemfundisha kukaza misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo na kushikilia kizazi, ahesabu hadi kumi, aachie, apumue, mara tatu kila siku, kwa kuwa misuli iliyozoeshwa kabla ya kisu husaidia kupona baada yake. Alifanya hivyo amelala mkekani, magoti juu, na mama mkwe akawaambia wageni kwamba mkamwana wake ameshikwa na ugonjwa wa kulala mchana. Kufikia wiki ya sita vitambaa vinne vya kujikinga na mkojo kwa siku vilikuwa vimebaki kimoja, na kwenye simu Victoria alimsikia dada yake akicheka hadi mwisho wa kicheko.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu tarehe 21 Julai na ulikwenda salama, Bi Nasrin akamrudisha kwenye mazoezi taratibu, akamwandikia barua kwamba asiinue kitu kizito kwa miezi mitatu. Barua alikabidhiwa Anderson aifikishe kwenye kamati ya kitongoji, maana kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, wa kusomba mawe ya kujengea darasa, na kwa desturi yetu mgonjwa husamehewa, ila lazima ugonjwa wake utajwe mbele ya kikao. Shemeji alisimama, akaulizwa habari za mkewe, akasema, "Mke wangu ni mzima, mawe atabeba." Nyumbani akasema kamati imekataa. Asiyefika hutozwa kuku mmoja, na kuku kwao walikuwepo, ndio mtakaowala baada ya mazishi.

Jumamosi tarehe 16 Agosti Eliaichi alibeba mawe mara sita, watu wakimwona, mara ya saba mshono wa ndani ukafumuka na damu ikatoka, akapelekwa Same, na hata kitandani alimuuliza Bi Nasrin kama aendelee kukaza. Alifariki Jumanne tarehe 19 Agosti, saa tisa alasiri. Barua aliikuta Faraja kwenye mfuko wa koti alilotumwa kulileta, lile ambalo baba yake amelivaa sasa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba mmoja anaweza kuficha na mwingine akafa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana siku tatu, Bi Nasrin aliyepanda mlima huu kwa miguu, wakulima wenzake wa tangawizi waliochimba kaburi, na majirani wote, pamoja na kamati, ambayo imetuarifu kwamba mawe yametosha.

Mwisho, Victoria anayesoma naye kizazi chake kimeshuka, tangu mwaka 2019, hajamwambia mtu hadi dakika hii, mume wake yuko pale nyuma amesimama, na Jumatatu anaanza mazoezi. Kamati iandike jina lake na ugonjwa wake.

Tua mzigo, dada, upumzike kwa amani.