Waithera wa Chupa za Minyoo

Waithera Githongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 mjini Kajiado, kitinda mimba wa marehemu Mzee Githongo wa Kisaju. Dada yake Wamaitha, anayewasomea haya, ndiye aliyembeba mgongoni. Kwa hivyo anayedai kumjua zaidi asimame.

Alisoma Kajiado hadi kidato cha nne, mwaka wa 1992. Wamaitha aliishia darasa la saba, na alifurahi kuona mwenye kichwa wa nyumba hiyo akisomeshwa mbele. Mwaka wa 1995 Waithera alipata diploma ya maabara jijini Nairobi, akaajiriwa chuo kikuu.

Kazi yake ilikuwa kuzalisha minyoo wa baharini, wembamba kuliko uzi, wanaoishi kwenye mwani uliooza. Kwa hadubini alihesabu jike anataga mayai mangapi, yanaanguliwa siku ya ngapi, na kundi linaongezeka kwa kasi gani joto likipanda. Waliomuuliza faida aliwaambia kwamba ufuo ukiharibika, hesabu ya hao wadogo ndiyo hubadilika mapema.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Kiama wa Rongai. Hawakupata mtoto. Kuna waliosema anazalisha minyoo na yeye mwenyewe hazai, na wako hapa wamekalia viti vya mbele. Waithera aliwapikia chai. Kiama hakuoa mwingine, na aliyemshauri aoe alionyeshwa mlango.

Machi 2020 maabara ilifungwa kwa sababu ya korona, akahamishia chupa zake za minyoo sebuleni kwake Kitengela. Mwezi wa Mei alilazwa siku nne, akamwachia dada yake kazi ya kuongeza maji ya bahari kutoka mtungi wa buluu. Mtungi ukaisha. Wamaitha akafungua bomba, kwani maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi hata sabuni haitoi povu, na yeye aliona chumvi ni chumvi. Minyoo wakafa chupa baada ya chupa. Waithera aliporudi alikaa kwenye hadubini tangu asubuhi hadi jioni, dada yake akilia kando.

“Yuko mmoja,” alisema. “Jike, na ana mayai. Wachana na machozi, dada, hiyo pia si chumvi tunayotaka. Huyu mmoja anatosha.”

Baada ya wiki chache walikuwa maelfu.

Juni 2024 alipatikana na saratani ya ini. Kila Jumatatu mwanafunzi wake, Saruni, alimsomea hesabu ya minyoo kwa simu, naye akamsahihisha akiwa kitandani hospitalini. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Shemeji Lennox, nduguye Kiama na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alitaka chupa zimwagwe kabla wageni hawajafika, na wasifu useme marehemu hakuacha kitu nyuma yake.

“Shemeji,” Wamaitha alimjibu, “wewe panga hema na viti. Hii karatasi ni yangu.”

Ameacha mume wake Kiama, dada yake Wamaitha, mwanafunzi wake Saruni, na chupa kumi na nne zenye uzao wa yule jike mmoja, kizazi cha mia tatu na kumi na mbili kwa hesabu yake mwenyewe. Ziko mezani sebuleni. Anayetaka kuzimwaga aanze na Wamaitha.

Pumzika, Waithera. Mtungi wa buluu umejaa.