Kidole cha Pete cha Ornella Bruzzone

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchungulia vidole vya watu, muuguzi Ornella Bruzzone anastaafu tarehe 30 Juni. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikuwa na vichekesho tele. Tangu Jumanne vimenitoka vyote, mtanisamehe.

Alianza kazi kliniki yetu ya Genova akiwa na hadubini moja na kiti kibovu. Alitazama mishipa midogo ya damu ukingoni mwa kucha, maana huko ugonjwa wa ngozi kukakamaa hujifichua mapema, kabla haujashika mapafu. Mgonjwa aliketi dakika ishirini vidole vipate joto, kisha likaja tone la mafuta juu ya ukingo wa kucha, ili ngozi ipenyeze mwanga. Aliyepaka rangi ya kucha alirudishwa nyumbani: "Bibie, hapa tunatazama damu, harusi iko mtaa wa pili!" Walimwogopa, na bado wakamletea focaccia, mkate wa mafuta ya zeituni, ya moto.

Picha ya mishipa yenye afya iliyo ukutani, imejipanga kama vibanio vya nywele, ni ya kidole chake cha pete, iliyopigwa mwaka wake wa kwanza. Madaktari wote waliopita hapa wamejifunzia hiyo.

Jumanne tulitaka kumpa zawadi: picha mpya ya kidole kile kile, ziwekwe zote mbili, ya zamani na mpya, katika fremu moja. Akakataa. "Niacheni na mikono yangu ya kizee!" Tukamvuta kwa utani, nikadondosha mafuta mwenyewe. Kwenye skrini ya hadubini mishipa ilikuwa imevimba, mingine imetoweka, na vidoa vya damu vimetapakaa. Nikadhani mashine imeharibika. Nikaweka kidole changu: mishipa mizima.

"Tangu lini, Ornella?" aliuliza Daktari Traverso, aliyekuwa akitazama nasi.

"Vidole vinageuka vyeupe majira matatu ya baridi sasa. Nikasema ni upepo tu."

Upepo! Kwa jibu hilo hilo aliwagombeza mamia ya wagonjwa. Mganga hajigangi, lakini huyu alinikasirisha hadi nikalia mbele yake.

Majibu ya vipimo vya mapafu yake yalitoka jana: bado mazima. Tumewahi, kwa sababu ya zawadi. Picha zote mbili sasa ziko ukutani, kwa amri yake: "Wafundisheni na hii pia."

Asante, dada, kwa vidole vyote ulivyotuokolea. Tunakuombea maisha marefu yenye mikono ya moto. Tarehe 1 Julai, saa mbili asubuhi, jina lako ni la kwanza kwenye orodha ya wagonjwa. Usije na rangi ya kucha.