Hedifoni ya Masele Siku ya Usaili

Masele alikuwa ameomba kazi ya kuwasomea wakulima ushauri wa pamba kwa Kisukuma, kwenye simu. Usaili ulikuwa wa mtandaoni, saa nne, na laptop yake ya Linux ilikuwa juu ya benchi la kijiwe cha kahawa hapo Bariadi, chumba cha usaili kimeshafunguliwa kwenye skrini, hedifoni ya Bluetooth imelala pembeni. Shida ilikuwa moja: muziki ukitoka vizuri, maiki hakuna, ukiwasha maiki, muziki unatoka kama uko ndani ya debe.

— Sauti ina ghorofa, — alisema Fredrick, anayeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kufunga madishi. — Chini kuna ALSA, anashika kadi ya sauti. Juu yake PipeWire, mgawaji. Bluetooth inaingilia mlango wa pembeni, kwa BlueZ, bawabu wake.

— Basi wamegombana, — alisema Mayige Mzani, mpima pamba.

— Hapana. Hedifoni ina modi mbili. Ya muziki haina maiki. Ya simu ina maiki, ila sauti inabanwa.

— Kama lango la zizi. Wanaotoka wakijaa, wanaoingia wasubiri.

— Hapo umepatia.

Mayige akisifiwa huwa hashikiki.

— Basi tatizo ni mnara. Huu wetu umeelekea Maswa, umetupa kisogo.

— Bluetooth haipiti mnarani, bhabha.

— Ndiyo maana imekwama.

Nyanjige, muuza kahawa, akamimina kikombe kingine.

— Imenunuliwa mnadani hiyo. Inamtafuta mwenyewe wa kwanza. Hata ng'ombe wa mnadani si hutoroka akarudi boma lake?

— Tuifunge kamba, — alisema Mayige, na hakuwa anatania.

Masele alitaka kuwaambia saa nne imeshafika. Akaona aibu kuwakatiza wakubwa, akaendelea kutazama saa kwenye skrini.

Fredrick akachoka. Akaibonyeza hedifoni mpaka ikazima, na sauti ikahamia spika ya laptop yenyewe. Humo ikatoka sauti ya mwanamke wa usaili, safi kabisa.

— Maiki ya laptop yenu haina shida, tunawasikia tangu mwanzo. Ninyi ndio mlikuwa hamnisikii. Naomba kujua tu, Masele ni yupi kati yenu?

Mayige akaweka kikombe chini taratibu. Masele akamgeukia Fredrick amjibie.