Masufuria ya Kiwanjani: Maisha ya Ndugu Yangu Khubaib Mzamil

Sogeeni, jamaa zangu, walio kichochoroni waingie ukumbini palipobaki nafasi, na wasiopata nafasi wakae kwenye majamvi hapo chini ya ukuta, kina mama mlio juu fungueni madirisha msikie, wenye simu wazizime, na watoto wapewe maji wanyamaze, maana anayewasomea ni Faraj, mwana wa marehemu, na sauti yake tangu Jumanne haijakaa sawa. Maneno ni yangu mimi, Nana binti Mzamil, dada mkubwa wa marehemu, sikwenda skuli, nimesema na Rosebella, aliyemuuguza, ameandika, na Faraj ameahidi kwamba hataruka neno, hata yale yanayomchoma babake.

Marehemu Khubaib Mzamil alizaliwa katika nyumba hii, chumba cha nyuma kinachotazama kiwanja, mwezi wa Ramadhani, mwaka 1948, ambao kwa hesabu ya kizungu ulikuwa mwezi wa saba, ingawa kitambulisho chake chasema tarehe mosi Januari, kwa sababu karani alipouliza siku, babetu alimjibu ni usiku, wakati wa daku, na karani hakuwa na pahali pa kuandika daku. Nilikuwa msichana wa miaka saba, nikaambiwa nimpokee mtoto mkunga akiosha mikono, na mamangu akanambia kutoka kitandani, "Mshike shingo, Nana, huyu ni wako pia," nami nimemshika mpaka Jumanne.

Alisoma Kurani chuoni hapa mtaani akahitimu mwaka 1958, akaingia skuli ya msingi, kisha sekondari hapa hapa kisiwani, akamaliza mwezi wa Novemba mwaka 1966, na mwalimu wake wa chuoni, Mola amrehemu, alikuwa akisema, "Khubaib, wewe ukiulizwa hujibu, wewe wahutubia," watoto wakacheka, naye akacheka nao, maana wakati ule alikuwa bado akichekwa na hakasiriki.

Aliajiriwa ukarani bandarini tarehe 3 Aprili 1967, na mwaka 1974 wafanyakazi walipogoma na baadhi yao wakatiwa ndani, alikwenda kusimama mlangoni pa kituo cha polisi tangu asubuhi, hakula, hakunywa, mpaka wakatolewa, na mmoja wa waliotolewa ni Bwana Kioko, wakati huo kijana mgeni kutoka Machakos, ambaye leo ameketi hapo mlangoni na bakora yake imevunjika. Haya nayasema mapema, kwa sababu najua yanayofuata wengi wenu mwayajua kuliko mimi.

Alifunga ndoa na Bi Nabiha tarehe 9 Agosti 1975, na harusi ilipikwa hapo kiwanjani kama harusi zote na misiba yote ya mtaa huu ilivyokuwa ikipikwa, kwa masufuria ya kuomba huku na huku, hili la nyumba hii, lile la nyumba ile, wali ukaungua chini na juu u mbichi, na bwana harusi akatoka na kanzu yake nyeupe kuja kuangalia, akasema mbele ya wapishi, "Mtaa mzima hauna sufuria moja lake? Mimi nitaununulia." Walizaa watoto wawili, Faraj mwaka 1977 na Ruweida mwaka 1981, na alipochaguliwa diwani mwaka 1979, mshahara wake wa kwanza haukufika nyumbani, ulikwenda kwa masufuria makubwa, na miiko yake, na mifuniko yake, yakawekwa kwenye banda la pembeni mwa kiwanja, anayeoza ayachukue, anayefiwa ayachukue, haulizwi ni wa chama gani wala ametoka wapi. Watu wakamwita Mheshimiwa Sufuria, na jina hilo alilipenda kuliko yote aliyopewa baadaye.

Mwezi wa Februari mwaka 1988 aligombea ubunge, ule wakati wa kura za mlolongo, watu wakapanga mistari hapo hapo kiwanjani nyuma ya wagombea wao, nami nilikuwa dirishani, mstari wa Khubaib uliishia mlangoni kwa Bi Zakiya anayeuza viazi karai, na wa mwenziwe ulipinda kona nisiuone mwisho, na jioni ikatangazwa kwamba Khubaib ameshinda. Bi Zakiya aliinua uso akanambia, "Bi Nana, wewe uko juu, waona vizuri, mstari wa nduguyo umeishia wapi?" Nikamwambia umeishia kwako. Akasema, "Basi mimi nitakuwa mlango wa bunge," na watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kama cha chuoni.

Akawa mbunge, akawa naibu waziri, akahamia Kizingo kwenye miti na nyumba za baraza pana, na mwaka 1991 kiwanja kikapewa mtu ambaye hapa hatujamuona uso, tukaona karatasi tu na saini ya Khubaib chini yake, kisha tukaona ukuta. Banda la viazi la Bi Zakiya, lililoegemea pale, liliondolewa siku moja na mafuta bado yachemka, na masufuria yakapakiwa kwenye lori yakapelekwa Kizingo, ikasemwa ni kwa muda, mpaka patafutwe pengine pa kupikia, na muda huo haukwisha. Nilikwenda nikamwambia, "Khubaib, watu watapikia wapi?" akanambia, "Dada, mambo haya ni makubwa kuliko upishi." Mwaka 1992 akaanguka kwenye uchaguzi, na hakusimama tena.

Bi Nabiha alifariki tarehe 20 Machi 2015, Ruweida yuko ng'ambo, Faraj ana kazi yake Nairobi, na marehemu akabaki Kizingo yeye na mlinzi wa lango, mpaka tarehe 11 Juni 2023 alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukalala, na alipotoka hospitalini nikasema aletwe kwangu, chumba kile kile alichozaliwa, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye upepo. Rosebella, aliyetoka kwao Kakamega kuja kumuuguza, alikuwa akimweka kitini mbele ya dirisha kila alasiri, na kilichoko mbele ya dirisha ni ukuta ule, akiutazama mpaka jua limeondoka juu yake. Mara nyingine alikuwa akilia, na madaktari walisema kulia ni katika maradhi yenyewe, na mimi sijui, sikumuuliza, naye hakuwa na ulimi wa kunijibu, kwa hivyo asije mtu akawaambia kwamba Khubaib alitubu kwa jambo hili, wala kwamba hakutubu.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Saa tatu habari zilikuwa redioni, watu wakipiga simu, mmoja akasema alikuwa simba wa Pwani, mwengine akasema amemsamehe, mwengine akasema yeye bado, wasimtie katika hesabu ya waliosamehe. Faraj alifika kwa ndege ya asubuhi, akipita Feri akamsikia muuza karanga akimwambia mwenziwe, "Leo ametangazwa, na hapa hapana rufaa." Rosebella alipokwenda Biashara Street kununua bafta ya sanda, mwenye duka aliuliza ni ya nani, akaambiwa, akaitandaza nguo akaipima polepole, kisha akasema, "Yeye alitupimia kiwanja chetu akatupunja, lakini mimi nampimia kamili." Rosebella alinieleza yale akilia, nikamwambia usilie, mwanangu, huyo ametenda haki.

Kule Kizingo chama kiliweka mahema, wakubwa wakaja kwa magari, wakasema mbele ya kamera kwamba taifa limepoteza nguzo, na kwa kuwa magari hayapiti katika vichochoro vyetu, wengi wao waliona wametosha kwa kusema kule. Jeneza lilitoka hapa siku hiyo hiyo, baada ya Alasiri. Nyote mwajua jeneza la mji huu lilivyo, hujaliweka begani umeshapokewa, lapita juu ya mikono ya watu kama lenyewe ndilo laenda, kwa kuwa kila mtu anataka thawabu yake. La Khubaib, waliolinyanyua mlangoni ndio waliolifikisha makaburini, hawakupokewa njiani, na Bwana Kioko, mtu wa miaka sabini na kitu na si wa dini yetu, alitia bega akatembea mpaka bakora ikamvunjikia chini yake, na Faraj alirudi bega limevimba, akaketi hapo sakafuni akasema, "Shangazi, mlolongo wa baba ulikuwa mfupi." Na safari hii hakukuwa na wa kutangaza vingine.

Sasa nisikilizeni, kina mama hasa. Nyumba ya msiba haipiki, majirani ndio huleta, nami tangu nimeolewa na kufiwa sijaona nyumba ya mtaa huu iliyozika ikalala bila sahani ya jirani. Jumanne jioni tulikaa mimi na Rosebella na Faraj, tukasikia vyombo vyagongana katika nyumba za watu, harufu ya vitunguu yaingia dirishani, na hakuna aliyebisha. Rosebella akanambia, "Bibi, kwetu msiba ukiingia jiko halizimiki, niwashe?" Nikamwambia, "Usiwashe. Tukiwasha tumesema hatuna mtaa." Jumatano asubuhi tulikunywa maji, na adhuhuri nikasikia sauti ya mwanamke chini ya dirisha, ninaijua ni ya nani na sitaitaja, ikisema, "Mwambieni akapike kiwanjani," na mwengine akamwambia, "Shh, yuko juu bibi wa watu." Nina miaka themanini na nne, waliokuwa rika langu wote wako mchangani, na saa ile nilijiona nimezikwa pamoja na Khubaib na kusahauliwa kufungwa macho.

Jumatano alasiri Bi Zakiya alibisha, yeye mwenyewe, ana sufuria la wali kichwani na bakuli la mchuzi wa papa mkononi, akaingia bila kuvua uso wake wa hasira, akaweka chini akasema, "Bi Nana, nimekuja na mambo mawili, chakula na maneno. Kula kwanza, usije ukayasikia na njaa." Tukala. Naye akasema yote, banda lake na mafuta yakimwagwa, mlango wake ulioishiwa na mstari mfupi, na mstari huo ukatangazwa kuwa ndio mrefu, mamake aliyefariki mwaka ule ule wa ukuta, wakampikia kichochoroni kwa masufuria ya kukodi, mvua ikanyesha wali ukajaa maji, na masufuria ya mtaa yako Kizingo hayapiki chochote. Akanambia, "Nduguyo simlilii, wala usinitake nimlilie. Lakini wewe ulinambia ukweli siku ile kutoka dirishani, na nyumba hii haitalala na njaa mimi niko hai. Ongeza mchuzi." Nikaongeza. Nililia ndani ya sahani, akanisogezea ndimu kama hajaona.

Faraj alikuwa amekaa hapo pembeni, akasikia kila neno la babake. Alikwenda zake bila kuaga, na Alhamisi asubuhi tukasikia mkokoteni wagonga mawe kichochoroni, yeye mbele avuta na hamali nyuma asukuma, na juu yake masufuria, yana vumbi na utando wa buibui, lakini hayana tundu. Bi Zakiya akashuka na majivu na kumbi la nazi, akayakagua moja moja akasema, "Na mfuniko mmoja uko wapi, Faraj?" Faraj akamwambia, "Mama, nimetafuta, sikuuona." Akamwambia, "Basi huo utamwuliza babako siku mtakayokutana." Ndipo kichochoro kikacheka, na wanawake wakatoka milangoni na miiko yao. Pilau mtakayokula leo, baada ya maneno haya, imepikwa ndani yake, chini ya ukuta, kwa kuwa nyuma ya ukuta bado si kwetu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtazama kwa muda wote wa maradhi, wazee wa bandari waliokuja kwa miguu, mwenye duka aliyepima kamili, walioomba dua na walioshindwa kuiomba wakaja hivyo hivyo, walioleta sahani na walioleta sahani na maneno, na Rosebella, aliyemuosha ndugu yangu akiwa hai kwa adabu ile ile aliyooshwa nayo akiwa maiti.

Na mirathi ni hii, isije ikasemwa vichochoroni. Nyumba ya Kizingo ni ya Faraj na Ruweida kwa mafungu ya sharia, mimi dada sirithi palipo na mwana wa kiume, wala sitaki. Redio yake wamempa Rosebella, bakora yake ya mpingo wamempa Bwana Kioko badala ya ile iliyovunjikia chini ya jeneza. Kiwanja hakigawiwi, kwa kuwa hakikuwa chake, na Faraj amesema atakwenda kuuliza karatasi ile mahakamani, akipata au asipate. Masufuria ni ya mtaa, yatakaa dakani kwangu, hapo penye mlango wa kuingilia, mlango wa daka hautiwi kufuli, anayeoza achukue, anayefiwa achukue. Mimi nimebakiwa na chumba cha nyuma na dirisha lake, na ombi moja, siku nitakapotolewa mimi humu, atakayeachwa ndani asingojee sahani ya jirani mpaka kesho yake alasiri.

Haya, Khubaib, mamako alisema nikushike shingo, sasa nakuachia, pumzika kwa amani, watu wameshaanza kupakua.