Mchungaji Yanko Aliyebomoa Kanisa Lake

Wasikilizaji wapendwa, leo nitazungumza polepole kidogo. Mnivumilie. Mchungaji Yanko Raychev hatunaye. Yanko wetu wa Dolna Reka, ng'ambo ya reli, alifariki Alhamisi. Moyo ulisimama akiwa anatoka kumtazama mgonjwa.

Wengi wenu mlimjua kabla hajaokoka. Alipiga klarineti kwenye harusi zetu na kunywa rakia, ile pombe yetu kali, mpaka kunakucha. Alipookoka aliuza klarineti, akanunua matofali, akajenga kanisa kwa mikono yake. Mkewe, Sevda, ananiambia: "Nilimwambia, we mwanamume, sisi wenyewe paa linavuja! Akanijibu, ndoo si ipo?"

Sasa nifike pale ambapo hata leo mtaani kwetu watu hushusha sauti.

Mwaka mmoja, majira ya baridi, ilitangazwa kwamba nyumba zisizo na hati zitavunjwa. Watu wakaanza kufunga mizigo. Yanko akaenda ofisi ya manispaa kutuombea muda. Afisa mmoja akamwambia hakuna kitakachovunjwa kabla ya Pasaka. Neno la mdomo tu. Jumapili Yanko akasimama mimbarani, akasema, "Msihame. Bwana amenihakikishia."

Narudia, wasikilizaji. Aliyeahidi ni afisa. Yanko akasema ni Bwana.

Bibi Gyulka na mumewe, mzee Asen, walikuwa wameshapakia jiko lao kwenye mkokoteni wa farasi, waende kwa ndugu zao kijijini. Waliposikia vile, wakalishusha. Wiki iliyofuata matingatinga yakaja, theluji inaanguka. Mzee Asen, mwenye mapafu mabovu tangu zamani, akalala chini ya turubai. Hakuiona Pasaka.

Yanko alikwenda msibani kuomba msamaha. Bibi Gyulka akamzuia mbele ya watu.

"Mchungaji, huyo Bwana wako alikuhakikishia saa ngapi? Mbona Asen wangu hakumsikia? Ondoka hapa!"

Yanko akaondoka. Kesho yake alichukua nyundo na patasi, akapanda juu ya kanisa. Waumini wakaja mbio.

"Kaka Yanko, umerukwa na akili? Hii ni nyumba ya Mungu!"

"Basi Mungu atawapa nyumba yake wenye baridi. Shika hilo bati, usiliangushe."

Wengine walilishika. Wengine walilia, wakaenda zao. Wakubwa wa kanisa walikuja kutoka mji mkuu, Sofia, wakamvua uchungaji. Yeye akaendelea kung'oa matofali, akawajengea watu vyumba nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Bibi Gyulka. Bibi alihamia bila kusema asante. Viwili kati ya vyumba hivyo vilivunjwa tena mwaka uliofuata. Yanko akaviinua tena, kwa matofali yaleyale.

Kuanzia hapo aliishi kwa kuokota vyuma chakavu. Jumapili aliomba uwanjani na watu wachache, wote wamesimama. Binti yake, Zlatina, anasema: "Baba hakusema tena kwamba Bwana amemwambia. Alisema, mimi nadhani. Nikimwambia, baba, ulishatubu, yatosha sasa, ananiuliza: Asen yuko wapi, nimwulize kama yatosha?"

Bibi Gyulka alimpita njiani miaka yote hiyo. Yanko alimsalimu kila siku. Bibi hakuitika hata mara moja.

Jana tumemzika. Bibi Gyulka alikuja, akiegemea fimbo. Watu wakampisha. Sevda akainuka, akamshika mkono.

"Mama, umemsamehe?"

Bibi akalitazama jeneza.

"Bado," alisema. "Nilidhani muda upo."

Sevda na Zlatina wakamkalisha kati yao, kwenye benchi la wafiwa. Walikaa hivyo watatu mpaka kaburi likajaa udongo.

Dada Sevda, binti yetu Zlatina, poleni sana. Nawe Bibi Gyulka, kama redio yako imewashwa, pole na wewe. Mungu amrehemu Yanko, amrehemu na mzee Asen.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaohubiri na mnaoahidi, nawaomba jambo moja tu. Kabla hujamwambia maskini abaki au aondoke, jiulize ni nani atakayelala nje ukikosea.